Kuhifadhi mijadala ya kundi la barua pepe bila kuwadhulumu walioiandika

Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kwamba itafuta yote yaliyowekwa katika Yahoo Groups, huduma yake ya makundi ya barua pepe: jumbe, picha na mafaili. Wenye makundi walipewa wiki chache za kupakua vyao, muda ukasogezwa hadi mwisho wa Januari 2020, na ilipofika Desemba mwaka huo huduma nzima ikafungwa. Watu wengi wa Afrika Mashariki walioishi ughaibuni miaka ya 2000 walikuwa na makundi ya namna hiyo: ya wanafunzi, ya misikiti na makanisa, ya wanasiasa, ya wapenzi wa ushairi waliojibizana beti kwa beti huku mmoja yuko Muscat na mwenzake yuko Toronto. Pale ambapo hakuna aliyepakua, maneno hayo yamekwenda. Pale ambapo mtu alipakua, faili limelala kwenye diski fulani na mwenye nalo hajui kama anaruhusiwa kuwafungulia watu wakalisoma.

Mwongozo huu ni wa huyo mwenye faili, na wa kila msimamizi ambaye kundi lake la barua pepe bado li hai. Msimamo wangu nautaja mapema: weka akiba ya kila kitu, na uiweke leo. Lakini kabla ya kumwonyesha mtu wa nje hata ujumbe mmoja, hakikisha una ruhusa ya aliyeuandika. Kutunza na kuonyesha ni matendo mawili, na wasimamizi wengi huingia matatani kwa kuyafanya kwa pigo moja.

Hatua ya kwanza: jua nani anamiliki nini

Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimpeleka mahakamani mchapishaji Edmund Curll, mjini London, kwa kuchapisha barua zake bila idhini. Mahakama ikaamua kwamba anayepokea barua anamiliki karatasi, ila haki ya kuyachapisha maneno yaliyomo hubaki kwa aliyeyaandika. Sheria za hakimiliki za Kenya, Tanzania na Uganda zimetokana na mapokeo hayo ya Kiingereza, na ujio wa barua pepe haujayageuza. Ujumbe uliotumwa kwa watu 300 umetoa nakala 300. Mwenye maneno bado ni yule mmoja.

Haki hiyo haihitaji kusajiliwa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, Tanzania 1994 na Uganda 2022, unakataza kuifanya haki ya mtunzi itegemee taratibu zozote za urasmi. Ujumbe unalindwa tangu unapoandikwa, hata kama hauna alama ya hakimiliki chini yake. Kusajili kazi kwa taasisi za hakimiliki, yaani KECOBO Kenya, COSOTA Tanzania Bara au COSOZA Zanzibar, husaidia ushahidi pakizuka ugomvi, lakini hakuumbi haki ambayo haikuwapo.

Je, kila ujumbe? Hapana. “Asante sana ndugu, nimepokea” haina ubunifu wa kulindwa. Habari yenyewe, takwimu, tarehe ya mkutano, au wazo ambalo mtu amelitoa, hayo pia hayamilikiwi. Unaweza kuyaeleza upya kwa maneno yako. Kinacholindwa ni namna mtu alivyoyapanga maneno yake. Aya tatu za hoja zilizojengwa vizuri zinatosha, na shairi la beti mbili halina mjadala.

Muda wake ni mrefu. Kenya, Tanzania na Uganda humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Kwa kuwa makundi yetu mengi yalianza miaka ya 1990 na kuendelea, chukulia kwamba karibu kila kilichoandikwa humo bado kina mwenyewe. Akiwa amefariki, wenyewe ni warithi wake.

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi hulisahau. Mbali na haki ya kunakili, mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeandika, na haki ya kazi yake kutopotoshwa kwa namna itakayomvunjia heshima. Kwa hiyo ukimsahihishia mtu sarufi kimyakimya, au ukikata nusu ya hoja yake na kuacha nusu inayomfanya aonekane mjinga, unaweza kuwa umemkosea hata kama alikuruhusu kuhifadhi.

Nawe msimamizi una nini? Kazi ya kuchagua na kupanga jumbe kwa ubunifu wako inaweza kukupa haki juu ya mpangilio huo. Haikupi haki juu ya jumbe zenyewe. Ukiona hifadhi imeandikwa chini “Haki zote ni za kundi” na hakuna mwanakikundi aliyewahi kusaini lolote, hayo ni maneno matupu. Nchini Kenya, kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya pekee (inayompa mtu mmoja tu haki ya kuitumia kazi) lazima kufanywe kwa maandishi yaliyotiwa saini.

Hatua ya pili: andika kanuni ya kundi kabla watu hawajaandika

Kama kundi bado linafanya kazi, hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote. Mtu anayejiunga baada ya kusoma kwamba jumbe zitawekwa wazi, kisha akaandika kwa hiari yake, ametoa ruhusa ya kiasi hicho. Sheria ya Kenya inalieleza hili waziwazi: leseni isiyo ya pekee inaweza kutolewa kwa maandishi, kwa mdomo, au ikaonekana katika mwenendo wa mtu. Inaongeza pia kwamba leseni ya namna hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote, isipokuwa kama ilitolewa kwa mkataba. Ndiyo maana kanuni nzuri husema mapema itakuwaje mtu akibadili nia.

Kanuni ijibu mambo manne: nani ataziona jumbe, zitakaa muda gani, zinaweza kutumiwa kwa nini, na mtu afanye nini akitaka ujumbe wake uondolewe. Isizidi nusu ukurasa, kwa sababu ikizidi hapo haisomwi. Mfano unaoweza kuunakili na kuurekebisha:

“Ujumbe wako unabaki kuwa mali yako. Kwa kuutuma hapa unaliruhusu kundi kuusambaza kwa wanakikundi wote na kuutunza katika hifadhi inayosomwa na wanakikundi pekee. Hatutauweka wazi kwa umma, wala kuuchapisha kitabuni, bila kukuomba ruhusa. Ukitaka ujumbe wako uondolewe, waandikie wasimamizi. Tutaushughulikia ndani ya siku 14. Tafadhali usitume makala nzima ya gazeti au kazi ya mtu mwingine. Tuma kiungo na maelezo yako. Usipeleke nje ujumbe wa mwenzako bila idhini yake.”

Kama mnataka hifadhi iwe wazi kwa kila mtu, semeni hivyo hivyo, na liandikwe hata katika barua ya kumkaribisha mgeni. Mnaweza pia kuchagua leseni ya Creative Commons, inayoruhusu watu kunakili kwa sharti la kumtaja mtunzi. Ila waelezeni wanakikundi kwamba leseni hizo hazirudishwi nyuma: aliyekwisha kupata nakala kwa masharti hayo hawezi kunyang’anywa. Kwa kundi la mafundi wa programu, naona inafaa. Kwa kundi ambalo watu hueleza ndoa zao na madeni yao, msithubutu.

Kanuni mpya haifungi jumbe za zamani. Aliyeandika mwaka 2004 akidhani wanaosoma ni jamaa 40 hakukubali kusomwa na dunia nzima, na tangazo la mwaka huu haliwezi kumfanya awe alikubali.

Hatua ya tatu: pakua, na usiguse asili

Umbo linalofaa kwa barua pepe ni faili la mbox. Ni maandishi ya kawaida, jumbe zimefuatana moja baada ya nyingine, kila moja na vichwa vyake: aliyetuma, tarehe, mada na namba ya utambulisho. Programu nyingi za barua pepe hulisoma, na hata zikitoweka zote bado unaweza kulifungua kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Usikubali kubaki na PDF peke yake, maana ukigeuza barua kuwa PDF unapoteza sehemu kubwa ya vichwa, na vichwa ndivyo vinavyosaidia kuthibitisha nani aliandika nini na lini.

Kundi likiwa Google Groups, mmiliki anaweza kulipakua kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakulia data. Likiwa linaendeshwa kwa Mailman, programu ya seva ya kuendeshea makundi ya barua pepe, mwombe anayesimamia seva akupe mbox kamili ya kundi. Kama kundi lilishakufa na hakuna seva, tafuta mwanakikundi aliyekuwa hafuti barua. Kila kundi lina mtu wa namna hiyo. Azikusanye barua za kundi chini ya lebo moja na kuzitoa kwa Takeout au kwa Thunderbird, programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta. Mkipata masanduku ya watu wawili watatu, mnaweza kuyaunganisha na kuondoa marudio kwa kutumia namba ya utambulisho ya kila ujumbe.

Ukishapata faili, fanya nakala tatu, mbili kwenye vyombo tofauti na moja mbali na nyumbani kwako. Pima kila nakala kwa SHA-256, hesabu ya kompyuta inayotoa mfuatano wa tarakimu ulio kama alama ya kidole ya faili, na uandike tarakimu zake mahali. Ukizipima tena mwakani zikatofautiana, utajua faili limeharibika au limeguswa. Kazi zote zinazofuata zifanyie kwenye nakala ya kufanyia kazi. Ile ya asili isiguswe.

Kundi lililohamia WhatsApp lina taabu yake. Gumzo likitolewa huja kama faili la maandishi, na majina ya watu hutokea jinsi yalivyohifadhiwa katika simu ya aliyelitoa. Mtunzi wa shairi zuri anaweza kuwa “Jirani Bunju” au “Mama Asha Cherehani”. Tengeneza mapema jedwali la nani ni nani, mkingali mnakumbukana, na jedwali hilo lisitoke nje. Gumzo pia lina kikomo cha jumbe zinazotoka kwa mara moja, kwa hiyo kundi kubwa litolewe mara kwa mara, lisingojewe hadi mwisho.

Hatua ya nne: chambua kilichomo

Soma, au walau pitia mada moja moja. Utakuta mambo ya aina tofauti, na kila aina ina dawa yake.

Kazi za sanaa ndizo za kuchunga zaidi: mashairi, hadithi, tafsiri, maneno ya nyimbo. Mtu alilituma shairi lake ili wenzake walisome na kulijibu. Hakukupa diwani. Malumbano ya washairi watano yana wenye haki watano, na mmoja akikataa, beti zake hutoka hata kama malumbano yatabaki na pengo. Inauma, najua, hasa pale beti za anayekataa zinapokuwa ndizo tamu kuliko zote. Andika tu kwamba hapo palikuwa na jibu ambalo mtunzi ameomba lisichapishwe.

Makala zilizobandikwa kutoka magazetini ni nyingi kuliko unavyotarajia. Aliyezibandika hakuwa na haki nazo, basi hata akikuruhusu, ruhusa yake haifiki popote. Katika hifadhi ya wazi, acha kichwa cha habari, jina la gazeti, tarehe na maoni ya aliyeituma, kisha ondoa makala.

Viambatisho vitenganishe na jumbe na uvipe folda yake. Kitabu kizima kilichochanganuliwa na kutumwa kwa wema hakipandi kwenye hifadhi ya wazi, hata kama hakipatikani tena madukani.

Barua iliyoponyoka ni ile ambayo mtu alitaka kumjibu mmoja akabonyeza kujibu wote. Kisheria haina tofauti na nyingine. Kwa adabu tu, ificheni.

Jumbe zilizoandikwa kikazi zinaweza kuwa za mwajiri. Ofisa aliyetuma taarifa rasmi ya shirika lake pengine si yeye wa kuombwa ruhusa, bali shirika.

Hatua ya tano: omba ruhusa kwa namna inayojibika

Usitume tangazo moja kwa kundi zima ukisema “asiyekataa amekubali”. Kimya si idhini, na wengi anwani zao za barua pepe zilikufa zamani. Anza na wachache walioandika sana. Katika makundi mengi watu wachache ndio wenye sehemu kubwa ya maneno, na ukiwapata hao kazi imesogea mno. Mwandikie kila mmoja kwa jina, mwonyeshe jumbe zake hasa, na umwambie wazi zitakwenda wapi. Kwa mtu mzima:

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msimamizi wa kundi letu la zamani la ushairi. Tunatengeneza hifadhi itakayosomwa na mtu yeyote mtandaoni bila malipo. Nimekutumia hapa chini mashairi yako kumi na mawili pamoja na maelezo uliyowapa vijana kuhusu mizani. Naomba kujua: je, unaturuhusu kuyaweka yote, baadhi, au hakuna? Ungependa jina lako liandikwe vipi? Kuna neno ungependa kulisahihisha? Ukikubali sasa ukabadili mawazo baadaye, niambie nami nitayaondoa.”

Swali la jina lisikosekane. Wapo waliotumia lakabu kwa sababu nzito, na ukiweka jina halisi pembeni ya lakabu umewafichua. Majibu yote yatunze pamoja na hifadhi: tarehe, maneno yenyewe, na mipaka aliyoiweka. Akijibu kwa simu, mwandikie mara moja ujumbe wa kuthibitisha mlichokubaliana.

Aliyefariki, tafuta familia yake. Zungumza nao kwanza kama mtu aliyemfahamu marehemu, na karatasi zije baadaye. Ukipata mtoto mmoja aliye tayari, muulize kama wapo warithi wengine, maana mmoja huenda hana mamlaka ya kuwasemea wote. Usipompata mtu yeyote, jumbe zibaki katika hifadhi ya ndani. Kwa kitabu kinachouzwa, taka saini. Kwa hifadhi ya bure, barua pepe inayosema “naruhusu” na kutaja jumbe zenyewe inatosha kwa maoni yangu.

Na ukihitaji sentensi mbili tatu tu kwa ajili ya uhakiki au utafiti? Sheria zetu zina nafasi ya kunukuu kwa kiasi kinachostahili, kwa sharti la kumtaja mwenye maneno. Nafasi hiyo ni ya nukuu. Haihalalishi kuchapisha hifadhi nzima na kuiita utafiti.

Hatua ya sita: taarifa binafsi

Ruhusa ya hakimiliki haimalizi kazi, kwa sababu mtu anaweza kutajwa katika ujumbe ambao hakuuandika. Fulani kalazwa, fulani kaachwa, fulani kakamatwa. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda 2021, na Tanzania mwaka 2022, yake ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Msimamizi anayeishi Ujerumani au Uholanzi anaguswa na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 25 Mei 2018. Asijitetee kwamba ni mambo yake ya nyumbani: tangu mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilishaamua kwamba kuweka habari za watu kwenye ukurasa ulio wazi kwa kila mtu hakuhesabiwi kuwa shughuli ya nyumbani.

Kwa vitendo: katika nakala ya wazi futa namba za simu, anwani za nyumbani, namba za akaunti na anwani za barua pepe. Futa pia sahihi za chini ya barua, ambako namba hujificha. Jumbe za afya, dini, siasa na watoto zipitiwe na macho ya watu wawili kabla ya kuonyeshwa. Michango ya misiba inayotaja nani katoa kiasi gani haina sababu ya kuwa wazi.

Hatua ya saba: fungua kwa ngazi

Anza na hifadhi inayohitaji nywila, wanakikundi waizoee kwa miezi michache na waseme yanayowakera. Kisha fungua zile tu zenye ruhusa. Kila ukurasa uwe na jina la mtunzi, tarehe ya asili, na masharti ya matumizi ya ujumbe huo. Hifadhi ya wanakikundi iwekewe alama ya kuzuia mitambo ya utafutaji isiiorodheshe, lakini usiitegemee alama hiyo kama kufuli. Mitambo yenye heshima huitii, mingine haijali. Nywila ndiyo kufuli.

Hatua ya nane: ombi la kuondoa ujumbe

Litakuja, na mara nyingi litaletwa na mtu mwenye hofu: anatafuta kazi, anagombea uongozi, au ametoka kwenye ndoa mbaya. Mjibu siku hiyohiyo kwamba umepokea, na ufiche ujumbe huku ukichunguza. Thibitisha kwamba ndiye mwenyewe. Akishathibitika, sioni sababu ya kubishana naye.

Ugumu uko kwenye ufundi. Ujumbe mmoja haukai mahali pamoja, kwa kuwa kila aliyejibu aliubeba ndani ya jibu lake. Tafuta maneno matatu manne ya pekee kutoka katika ujumbe huo na uyasake katika hifadhi nzima, pamoja na muhtasari wa kila siku kama kundi liliutuma. Katika majibu, ondoa sehemu iliyonukuliwa na uache maneno ya aliyejibu.

Halafu usifute ujumbe ukaacha shimo. Katika Mailman ya zamani, ukitoa ujumbe kwenye mbox na kuijenga hifadhi upya, namba za jumbe zinazofuata zinasogea na viungo vyote vya zamani vinaelekeza kwingine. Acha kichwa mahali pake, na badala ya mwili weka: “Ujumbe huu umeondolewa kwa ombi la mwandishi,” pamoja na tarehe. Akitaka hata jina lake litoke, andika “mwanakikundi”. Kama kurasa zako zilikwisha nakiliwa na Internet Archive, hifadhi ya kurasa za mtandao, au mtambo wa utafutaji, mwambie hilo wazi na umsaidie kuwaandikia. Usimwahidi kwamba ujumbe umetoweka duniani. Kenya, marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa notisi ya kuondoa kazi kwa watoa huduma, nao hutumika pale mtu mwingine alipoinakili kazi na anakataa kuitoa.

Nakala ya asili je? Suala la hakimiliki pekee halinifanyi niiguse, mradi imefungwa na haionyeshwi. Lakini mtu akiomba data zake binafsi zifutwe kabisa, na sheria inayokuhusu inampa haki hiyo, futa hata huko, pima tena SHA-256 na uandike kwa nini tarakimu zimebadilika.

Hatua ya tisa: nani atashika funguo

Wasimamizi wawe wawili au zaidi, na angalau mmoja awe anaishi nchi tofauti na wengine. Andikeni ukurasa mmoja: faili liko wapi, nywila anazo nani, anayelipia jina la tovuti ni nani na linaisha lini, ruhusa za watunzi ziko folda gani, maombi yapi ya kuondoa yalipokewa. Mkipata maktaba ya chuo iliyo tayari kupokea nakala, ipeni pamoja na folda ya ruhusa, na mkubaliane kwa maandishi ni jumbe zipi zinaonyeshwa, zipi zinafungwa na hadi lini. Maktaba ikipewa faili bila ruhusa hizo italazimika kulifungia lote, au kuyafungua mambo ambayo watu waliomba yafichwe.